Mwendo na Maana Yake: Anachojifunza Mtoto Mdogo Kutoka kwa Mwili wa Mzazi

Katika nyumba nyingi za Garissa, kuanzia Bulla Iftin hadi Soko Ng'ombe, kuna jambo linalotokea mara tano kwa siku bila mtu yeyote kulipanga. Mama akitandika mswala, mtoto wa miaka miwili husogea karibu naye. Mama akirukuu, naye huinama, ila yeye huinama kupita kiasi hadi kichwa kinakaribia magoti. Mama akisujudu, naye hulaza kipaji chini, kisha hugeuza uso pembeni kuhakikisha kwamba mama bado yupo. Hakuna aliyemwita wala kumwahidi peremende. Hadithi inatuelekeza kumwamrisha mtoto sala anapofika miaka saba, lakini kufikia umri huo mwili wake umeshaizoea sala kwa miaka mitano. Hajajifunza kuinama na kuinuka tu. Amejifunza pia kwamba huku kuinama ni jambo tukufu, kwa kuwa ameuona uso wa mama yake akiwa katika tendo hilo. Nimeanza na mswala kwa sababu hapo ndipo hoja yangu yote ilipo: mtoto mdogo haigi mwendo wa mzazi tu, huiga na maana ambayo mzazi ameupa mwendo huo. Kwa hiyo anayetaka mtoto wake akue akipenda kuushughulisha mwili hana budi kujiuliza kwanza, mwendo una maana gani nyumbani kwangu?

Kwamba watoto huiga si habari mpya. Wahenga walishasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Utafiti umetuonyesha kwa karibu jinsi uigaji huo unavyofanya kazi. Mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaonyesha watoto wa chekechea mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa aliyejazwa hewa. Baadaye, watoto walipoachwa na mwanasesere huyo, wengi wao walimpiga kwa namna ileile waliyoiona na kutamka maneno yaleyale waliyoyasikia. Walilibeba tendo pamoja na sauti yake. Miaka 30 baada ya hapo, watafiti wa Framingham katika jimbo la Massachusetts walichapisha matokeo ya watoto 100 wa miaka 4 hadi 7 waliovalishwa vifaa vidogo vya kupima mwendo wa mwili, na wazazi wao pia wakapimwa. Mtoto mwenye mama anayejishughulisha kimwili alikuwa na uwezekano mara 2 zaidi wa kuwa mchangamfu kuliko mwenzake ambaye mama yake hajishughulishi. Kwa baba uwezekano huo ulikuwa mara 3.5, na pale wazazi wote wawili walipokuwa wachangamfu ulikaribia mara 6. Utafiti mmoja wa watoto 100 haufungi mjadala, na nitarudi kwenye mipaka yake. Kwa sasa tuchukue hili tu: katika umri ambao mtoto hajui kusoma bango lolote la afya, yeye tayari anausoma mwili wa mzazi wake.

Sasa tujiulize mtoto wa Garissa, Wajir au Mandera anasoma nini. Nchi hii ya kaskazini mashariki mwa Kenya ilijengwa na watu wanaotembea. Mfugaji alihama na ngamia wake kufuata mvua, na kabla ya ukoo kung'oa makazi alitangulizwa mtu wa sahan, yule anayekwenda mbele siku kadhaa kutafuta malisho na maji, kisha arudi na habari ambayo maisha ya wote yanaitegemea. Mtu huyo hakuwa mtu wa kudharauliwa. Miguu yake na macho yake vilikuwa amana ya ukoo mzima. Lakini ukame umerudi na kurudi. Ule wa 2011 tunaukumbuka, na kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na nchini Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Familia iliyopoteza wanyama wake hujongea mjini, na mjini maana ya mwendo hubadilika. Anayetembea sasa ni yule asiye na nauli ya bajaji. Anayesukuma mkokoteni wa mitungi ya maji ni yule aliyekosa kazi nyingine. Aliyefanikiwa ni yule aliyeketi, awe ofisini, dukani, au kwenye mkeka wa miraa tangu alasiri hadi usiku. Mtoto anayaona haya yote, na bila kufundishwa na mtu anahitimisha kwamba kutoka jasho ni alama ya shida na kuketi ni alama ya heshima.

Maana hiyo ya kwanza, kwamba mwendo ni umaskini, tunaikoleza kwa ulimi wetu. Mara ngapi mtoto anaambiwa, "Soma kwa bidii, usije ukawa hamali"? Nia ni njema, na elimu ni lazima. Lakini sikiliza kile mtoto anachokisikia. Baba yake ametoka sokoni magunia yakiwa yamemchosha mabega, na mtoto anaambiwa kwamba mabega hayo ni aibu. Ingewezekana kumtia hamu ya shule bila kuutukana mgongo unaomlipia karo. Maana ya pili ni adhabu. Mwanafunzi aliyechelewa huzungushwa uwanjani, na aliyepiga kelele huambiwa aruke kichura mbele ya wenzake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya kimwili shuleni, na wengi tunaielewa kuwa inahusu kiboko peke yake. Lakini mtu aliyelipa makosa yake kwa miguu tangu utotoni, tutamshawishi vipi akiwa na miaka 40 kwamba kukimbia ni zawadi? Miaka hiyo yote mwili wake ulikuwa ukifundishwa kinyume.

Maana ya tatu ni dawa, na hii ndiyo inayotuhadaa zaidi kwa sababu imevaa koti la afya. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzito uliozidi, wanawake asilimia 38.5 na wanaume asilimia 17.5. Basi daktari humwambia mama apunguze mwili kwa sababu ya sukari au shinikizo la damu, na mama huanza kutembea asubuhi huku akiguna, akijisema vibaya mbele ya kioo, akihesabu mazoezi kama faini ya chapati za jana. Daktari amesema kweli, na mama amefanya vyema kumsikiliza. Lakini binti wa miaka minne aliye pembeni ameona kwamba mwili ni kosa na mazoezi ni kafara yake. Zaidi ya hayo, hesabu yenyewe si sahihi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, watu wanaowinda na kuchimba mizizi na kutembea kilomita nyingi kila siku. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, nguvu waliyotumia kwa siku haikuwa tofauti sana na ya watu wazima wa Marekani na Ulaya. Mwili si duka la rejareja ambapo hatua hizi hulipia sahani ile. Faida za mwendo ni nyingine, nazo ni kubwa: moyo imara, sukari inayotulia, mifupa na misuli yenye nguvu, usingizi mzuri, akili iliyochangamka. Mzazi anayesema "natembea ili nilale vizuri na nipate nguvu ya kuwabeba" amesema kweli zaidi kuliko anayesema "natembea kwa sababu nimenenepa", na amemwachia mtoto urithi bora.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya haya ni kumpa mtoto zawadi: kimbia nikununulie soda. Tujihadhari. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake waliwachukua watoto wa chekechea waliopenda sana kuchora, wakawaahidi baadhi yao cheti kizuri kama wangechora. Siku kadhaa baadaye, michoro iliporudishwa kuwa mchezo wa hiari, waliokuwa wameahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Zawadi iliwafundisha kwamba kuchora ni kazi ya kulipwa. Mtoto wa miaka mitatu hahitaji kulipwa ili akimbie. Anakimbia akitumwa chumvi na anakimbia akirudi nayo. Furaha hiyo imekuja naye duniani, na kazi yetu kubwa ni kutoiharibu.

Ni kiasi gani kinachotosha? Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2019 inasema mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, zikiwemo 60 za nguvu zinazomfanya apumue kwa kasi, na asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja. Kuanzia miaka 5 hadi 17 inatakiwa wastani wa dakika 60 za nguvu kila siku. Dakika 180 zinaonekana nyingi mpaka tutambue kwamba zinahesabiwa kidogo kidogo siku nzima. Kumfuata mama bombani na kibuyu kidogo cha lita 3 kumo. Kuswaga mwanambuzi arudi uani kumo, na michezo ya brikicho, kati, bladha na mpira wa majuala imo. Kucheza dhaanto na shangazi siku ya arusi nako kumo. Hakuna vifaa vya kununua. Kinachopungua, hasa kwa mtoto wa mjini, ni ruhusa na mwenzi. Anaambiwa atulie, anakabidhiwa simu ili asisumbue, na hakuna mtu mzima anayeinuka kucheza naye hata kwa dakika 10.

Nitajibu sasa pingamizi, nikianza na lile zito kuliko yote. Mtu atasema: katika nchi ambayo njaa haiishi, ambako mtoto anapimwa mkono kwa utepe kujua kama amekonda, ni anasa gani hii ya kuzungumzia mazoezi? Mtoto ale kwanza. Nakubali kwamba chakula hutangulia, na mtoto mgonjwa wa utapiamlo hakimbizwi uwanjani. Lakini mchezo si jambo la kungojea shibe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu utapiamlo mkali una hatua kumi, na mojawapo ni kumchangamsha mtoto kwa mchezo na upendo anapoendelea kupata nafuu, kwa kuwa ubongo na mwili uliodumaa havirudi kwa maziwa peke yake. Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Kingston, Jamaika. Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwafuatilia watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi walipewa lishe ya ziada, baadhi wakatembelewa nyumbani kila wiki na mhudumu aliyemwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto wake, na wengine wakapata yote mawili. Matokeo yaliyochapishwa 1991 yalionyesha kwamba lishe ilisaidia, mchezo ulisaidia, na vyote pamoja vilisaidia zaidi. Miaka 20 baada ya mpango huo, waliochezewa utotoni walikuwa wakipata kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiochezewa. Angalieni vizuri kilichotolewa pale. Mama ndiye aliyefundishwa kuinama, kucheza na kucheka na mtoto. Kama hilo liliwasaidia watoto waliodumaa wa vitongoji maskini vya Kingston, basi kwa familia iliyopoteza mifugo na kuhamia kando ya Mto Tana si anasa hata kidogo. Ni jambo linalowezekana hata pale pesa zilipokwisha.

Pingamizi la pili linasema mtoto wetu hahitaji haya, maana anachunga. Kwa mtoto anayefuata mbuzi kutwa nzima huko nje ya mji ni kweli tupu. Yeye anahitaji maji, kivuli, chakula na shule. Lakini watoto wa Garissa mjini, wa Wajir mjini, wa Mandera mjini na wa kambi za wakimbizi za Dadaab hawachungi. Miguu yao imeacha kazi ya babu zao kabla haijapewa kazi nyingine. Profesa Vincent Onywera na wenzake wamekuwa wakitukumbusha kwa miaka mingi kwamba mtoto wa Kenya wa mjini hujongea kidogo kuliko mwenzake wa kijijini. Tukiendelea kujisifu kwa uimara wa wafugaji huku watoto wetu wameketi, tutakuwa tunakula akiba ambayo hatuiongezi.

Pingamizi la tatu ni la kitaalamu, na linastahili heshima. Tafiti zilizofuata ile ya Framingham, zilipochambuliwa kwa pamoja, zimeona kwamba mfano wa mzazi peke yake una nguvu ndogo kuliko msaada wa mzazi, yaani kumtia moyo mtoto, kumpeleka uwanjani na kucheza naye. Je, hoja ya mfano imeanguka? Naona imenyooshwa. Baba anayekwenda kuinua vyuma saa kumi na moja alfajiri mtoto akiwa amelala amefanya mazoezi, ila hajaonekana. Rudini kwenye mswala. Mtoto hakuiga sala iliyoswaliwa chumba kingine mlango ukiwa umefungwa. Aliiga ile iliyokuwa hatua moja kutoka kwake, kwenye mkeka ambao naye alipata pembe ya kusimama. Mfano wenye nguvu ni ule wenye nafasi ya mtoto ndani yake.

Pingamizi la nne linahusu binti na stara. Takwimu za nchi 146 zilizochapishwa 2019 zilionyesha kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiasi cha mwendo kinachotakiwa, wasichana asilimia 85 na wavulana asilimia 78. Kwa hiyo hili ni tatizo la dunia, si la Waislamu wala la Wasomali peke yao. Na katika dini yetu hakuna mahali palipoandikwa kwamba stara ni kutojongea. Katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bi Aisha. Mara ya kwanza Bi Aisha akashinda, na siku nyingine, mwili wake ulipokuwa umeongezeka, Mtume akamshinda. Ndani ya simulizi hiyo fupi mna mwendo, furaha, mapenzi ya ndoa, na mwili ulionenepa ukitajwa bila kufedheheshwa. Hata soka ya kimataifa imeruhusu rasmi hijabu uwanjani tangu 2014. Binti wa miaka minne ana ua wa nyumba yao, ana dada na binamu, na ana mama anayeweza kuruka naye kamba mlango ukiwa umefungwa. Akimwona mama yake akiruka, hatahitaji baadaye kuambiwa kwamba mwili wa mwanamke uliumbwa uwe na nguvu.

Yamebaki joto, usalama na uchovu. Joto la Garissa si la kuchezewa. Adhuhuri mtoto akae kivulini na anywe maji. Lakini kati ya alasiri na magharibi tuna takriban saa mbili na nusu, jua likipoa na mwanga ukiwa bado upo, na alfajiri tuna saa nyingine kabla mchanga haujawaka. Kuhusu usalama, mji uliopitia msiba wa tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, haulaumiwi kwa kuwafungia watoto ndani. Ndiyo sababu ua, kibaraza na uwanja wa duksi, yaani chuo cha Qur'ani, vina thamani, na ndiyo sababu serikali ya kaunti inadaiwa viwanja vilivyo karibu na nyumba za watu, si uwanja mkubwa mmoja tu wa sherehe. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote 2019, umezipa shughuli za mwendo nafasi tangu madarasa ya chini. Wazazi tusikubali kipindi hicho kigeuzwe cha hesabu kila mtihani unapokaribia. Ama uchovu, hamali aliyebeba magunia kutwa ameshajongea vya kutosha, na simdai aongeze mbio. Namwomba neno moja tu, kwamba akifika nyumbani aseme mbele ya mtoto, "Alhamdulillahi, mwili umefanya kazi leo," kisha amruhusu apande mgongoni kwa dakika chache.

Nasema mgongoni kwa makusudi. Imepokewa kwamba Mtume aliwahi kurefusha sijda akiwaswalisha watu hadi wakadhani limetukia jambo, na alipoulizwa akaeleza kwamba mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni naye hakutaka kumharakisha. Jamaa nzima ilisubiri, vipaji vikiwa chini, mtoto amalize mchezo wake. Mtoto yule hakuambiwa kwamba mwendo wake ni usumbufu, wala hakulipwa, wala hakupimwa uzito. Alipewa mgongo na muda. Leo watoto wetu wanahitaji hayo mawili, na saa yake ni ile ambayo wengi wetu tumeizoea kuwa ya kuketi, baada ya alasiri, kabla adhana ya magharibi haijatuita turudi pamoja kwenye mkeka.